Fundi Basilia na tairi la upande wa korongo

Saa tisa alasiri imepita na lori la Severo Poma halijaonekana. Basilia Quisbert amesimama kwenye lango la gereji, kisu chake cha kukatia mpira bado kiko mkononi, waya wake wa umeme unaburutika chini nyuma yake. Amesahau kukiweka. Ncha imeshapoa.

"Alitakiwa kufika saa sita," anasema.

Upepo wa El Alto, mji wa juu milimani, unakata masikio. Nyuma yake mwenye gereji, Zenón Apaza, anajifanya anapanga matairi vipara ukutani. Tairi moja amelipanga mara tatu.

"Njoo unywe supu," anamwita. "Hata ukigandia hapo, lori haliongezi mwendo."

"Kunywa wewe."

"Mimi nimeshakunywa."

"Basi kunywa na yangu, mzee, uniache."

Basilia ana miaka 46 na kazi yake ni kashata za tairi, vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara. Tairi la lori likiisha huletwa hapa, hukwanguliwa, huvishwa mpira mpya, kisha hupikwa kwenye tanuri. Hutoka jeusi na laini, halina hata mstari. Hapo ndipo yeye huanza. Anaamua mifereji ipite wapi, iende chini kiasi gani, bega la tairi, yaani ukingo wake wa pembeni, liwe zito au jepesi. Anachora kwa chaki, halafu anakata kwa kisu cha moto.

Akikosea mchoro, tairi huisha upande mmoja kama soli ya mtu mwenye matege. Akikosea zaidi ya hapo, linamfia dereva kwenye kona.

Kwa kila tairi hulipwa boliviano thelathini. Vidole viwili vya mkono wa kulia havisikii tena moto wala baridi. Alifundishwa na baba mkwe wake miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu mzee yule afariki hakuna mwingine anayechora kashata katika gereji hii.

Huenda kesho asiwepo hata yeye. Chama cha madereva wanaoshuka mabonde ya Yungas, malori thelathini na moja, kimempa jaribio moja: safari kumi na mbili kwa lori la Severo. Kashata zikinyofoka tena, matairi yote ya chama yatapelekwa kwenye duka jingine linalobandika kashata zilizokwisha kuchorwa kiwandani. Malori hayo yakiondoka, Zenón hana haja ya mchoraji. Alimwambia hivyo mwenyewe, huku anaangalia pembeni.

Safari kumi na moja zimepita salama. Lakini zote zilikuwa za kiangazi. Hii ya leo ndiyo ya mwisho, na jana mvua ya kwanza ilinyesha bondeni.

Kashata za kwanza zilinyofoka mwishoni mwa mvua za mwaka huu. Severo aliingia gerejini na gunia, akalimwaga juu ya meza ya Basilia. Vilitoka vipande vya mpira vikubwa kama sabuni ya kufulia.

"Chukua mali yako, mama," alisema. "Hizi nimeziokota. Nyingine ziko mtoni, kawaombe samaki."

"Unaendesha kama mwizi wa mbuzi," Basilia alimjibu. "Ulikanyaga breki kila kona."

"Nisikanyage? Ulinikatia kashata au ulinikatia mabawa?"

Zenón alilaumu tanuri. Basilia alilaumu mpira, akisema waliouza walichanganya taka. Wakabishana mpaka jioni, na wote wawili walikuwa wanakiangalia kitu kilekile bila kukiona: vipande vyote vilitoka kwenye matairi ya kushoto, bega la nje. Ya kulia yalikuwa mazima.

Nchi hii magari hupita kulia. Barabara huinama kulia, changarawe hukusanyika kulia, ukingo uko kulia. Baba mkwe alimfundisha kwamba bega la kulia ndilo hupigwa, na Basilia alichora hivyo. Kulia aliweka bega zito lililofungwa. Kushoto alikata mifereji mipana ili tairi liteme tope.

Alipochoka kubishana akasema atashuka na lori mwenyewe.

Waliondoka asubuhi, wakiwa na shehena ya saruji na unga. Kileleni Severo alisimama, akamwagia kila gurudumu pombe kidogo kuiombea njia, akajaza majani ya koka shavuni, wakaanza kuteremka. Njia nzima alikuwa anamsimulia habari za mama mkwe wake aliyehamia kwake kwa wiki moja na sasa ana mwaka wa nne.

Lami ilipoisha na njia ikawa nyembamba, Severo alihamia kushoto. Hakukatiza hadithi. Alitoa tu kichwa dirishani, akawa anasimulia huku anatazama gurudumu lake na utupu ulio pembeni yake.

Kwenye njia ile ndivyo ilivyo. Anayeshuka hukaa kushoto, upande wa korongo, maana usukani uko kushoto na dereva anataka aone kwa macho yake gurudumu limebakiza ardhi kiasi gani. Anayepanda hukaa upande wa ukuta wa mlima, nao ni kushoto kwake. Kwenda na kurudi, matairi ya kushoto ndiyo yanayotembea pembeni, juu ya mawe.

Basilia amezaliwa bonde lile. Amepita njia ile akiwa mgongoni mwa mama yake, na tangu hapo mara zisizohesabika. Ukimuuliza usingizini watu wa kule hupita upande gani atakwambia. Lakini alipokaa na chaki yake mezani, mkono ulichora barabara ya kila mtu, ile ya kupita kulia.

"Simama," alimwambia Severo.

"Hapa? Choo kiko mbele, mama."

"Simama nakwambia."

Alishuka upande wa ukuta, akazunguka nyuma ya lori, akainama kwenye gurudumu la kushoto huku ameshika chuma cha bodi. Mifereji mipana ilikuwa imejaa mawe yenye ncha. Kila kashata ilisimama peke yake bila jirani wa kuishikilia, na uzito wote wa shehena ulikuwa unaipinda.

"Nilimweka mtu ukingoni nikampa upande dhaifu," anamwambia Zenón sasa, akiwa hapo langoni. "Na juu ya hayo nikamtukana."

Aliporudi alichora upya. Matairi ya kushoto aliyafunga bega kama ngumi. Baina ya kashata na kashata aliacha daraja la mpira chini ya mfereji, zishikane zisipinde. Kuta za mifereji alizilaza ili jiwe likiingia lisukumwe nje. Ya kulia akayaachia nafasi ya kutema tope.

Ugomvi ukaja upya. Madereva wa Yungas wana desturi ya kuhamisha matairi katikati ya umri wake, ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kwenda kushoto, yaishe sawasawa. Baba zao walifanya hivyo. Basilia alikwenda kwenye mkutano wa chama akawaambia haya hayahamishwi, akayapaka ya kushoto rangi nyeupe.

"Kwa hiyo tairi limekuwa kiatu?" mmoja aliuliza, ukumbi ukacheka.

"Ndiyo. Wewe kiatu cha kushoto unavaa mguu gani? Ukiwa hujalewa."

Walicheka tena, mara hii wakimcheka aliyeuliza, kisha wakampa zile safari kumi na mbili.

Saa kumi kasoro kidogo, muungurumo unasikika upande wa barabara itokayo bondeni. Zenón anaacha matairi yake. Lori linaingia likiwa limepakwa tope jekundu mpaka kwenye kioo, machungwa na ndizi zimefunikwa turubai nyuma. Severo anashuka polepole kama mtu aliyetoka kitandani baada ya homa. Hasalimii.

Basilia naye hamsalimii. Anapiga magoti kwenye gurudumu la kushoto la nje, anafuta tope kwa aproni yake, anaweka kiganja cha kushoto juu ya bega. Anakipitisha kwenda mbele, kisha anakirudisha nyuma. Tairi linaloisha vibaya huteleza ukilipapasa upande mmoja, ukirudi linakwaruza kama msumeno.

Zenón anatafuna mdomo wake.

"Wakati wa kushuka nimekutana na lori linapanda," Severo anaanza, akiwa bado ameshika mlango. "Kwenye kona ya maporomoko. Mimi nashuka, kwa hiyo ni mimi wa kurudi nyuma."

"Endelea," anasema Basilia. Kiganja hakisimami.

"Nikarudi. Mvua inanyesha, ukingo ukaanza kumeguka. Gurudumu hilo unaloshika likazunguka bure. Nikaona mto."

"Halafu?"

"Halafu likashika." Anauachia mlango. "Nimekaa pale mpaka miguu ilipokubali kukanyaga klachi. Yule wa chini alinipigia honi, baadaye akaacha, akaja kunipa sigara. Ndiyo maana nimechelewa."

Basilia amefika mwisho wa duara. Bega lote zima. Hakuna kashata iliyonyofoka, hakuna waya wa ndani unaochungulia. Anaingiza vidole safu ya pili, anakunja uso, anarudia.

"Hapa," anasema.

"Hapo nini?"

"Safu ya pili. Inaanza kula upande mmoja. Kidogo sana, lakini inakula."

"Mama, nimekwambia lilishika."

"Nimesikia. Na mimi nakwambia inakula upande mmoja."

Severo anamtazama, kisha anaanza kucheka, anacheka mpaka anakaa chini kwenye tope. Zenón hawezi kusubiri zaidi.

"Jumapili mkutanoni utawaambia nini?"

"Nitawaambia yule mama ana mdomo mchafu," anasema Severo akifuta macho, "na mtu asihamishe matairi yake."

Zenón anaondoka kwenda kupasha supu moto, anatembea haraka kuliko siku zote.

Basilia ameshachukua chaki. Anainama juu ya tairi jipya lililotoka tanurini asubuhi, anachora daraja jingine kwenye safu ya pili, anafuta, anachora tena. Malori mengine thelathini ya chama yanahitaji matairi kabla mvua hazijashika kasi, na anapanga kushuka tena na Severo wiki ijayo, tope likiwa jingi, aone safu ile inavyofanya kazi.

Severo anamuuliza anatarajia nini baada ya hapo.

"Nataka tairi langu lizeeke," anasema bila kuinua kichwa. "Liishe lote sawasawa, bega mpaka bega, mpaka liwe kipara. Dereva aje hapa kunilalamikia kwamba limekuwa zee tu, halina ugonjwa mwingine. Siku hiyo nitamkaribisha supu."