Kemia ya Mahindi na Maharage

Enzi zetu pale shuleni Keza, kemia tuliisoma kwa punje. Maabara ilikuwa na mlango na kufuli tu, hivyo mwalimu wetu, Msukuma mrefu aliyetoka Shinyanga, alitaka kila mmoja aje na mahindi na maharage mfukoni. Hindi lilikuwa kaboni, haragwe oksijeni. Kubalansi mlinganyo wa kuungua kulikuwa kupanga punje juu ya dawati hadi pande mbili zilingane. Hindi moja likipata maharage mawili, kaboni imeungua vizuri.

Kosa letu lilikuwa moja. Maharage yakipungua, tulichomoa mengine mfukoni. Watoto wa wakulima hatukujua kubana maharage. Mwalimu alisimama nyuma yako akauliza polepole, "Hayo umeyatoa wapi? Moto hauna mfuko. Mahindi mawili yakipata maharage mawili tu, kila hindi lichukue moja. Hiyo ni sumu, na haina harufu." Tuliandika, kengele ikalia, tukakimbilia kucheza rede.

Msimu wa baridi dada yangu Editha alijifungua. Kwetu mzazi hupashwa moto, na miaka yote ulikuwa moto wa kuni. Moshi ukizidi, watu walitoka wenyewe. Mwaka huo mama alipata gunia la mkaa, akafurahi kwamba mjukuu hatakohoa. Akawasha jiko chumbani, akaziba dirisha kwa blanketi.

Nilirudi kutoka shule alasiri nikaingia kuwasalimia. Dada alisema kichwa kinamgonga. Nilipomwita mara ya pili hakuitika. Kichanga kililala mdomo wazi, nilikigusa hakikushtuka. Nikaangalia jiko jekundu, nikaangalia blanketi, nikakumbuka moto usio na mfuko. Niliogopa sana, na mama nilimwogopa pia.

"Mama, dirisha lifunguliwe."

"Baridi imuue mjukuu wangu? Ndiyo mnayofundishwa huko?"

Nikalivuta blanketi. Kofi nililopata halikumshangaza mtu kwa malezi ya wakati ule. Nikambeba mtoto hadi uani, na hapo ndipo alipolia. Dada alitoka akishikilia ukuta, akatapika. Kuanzia kesho yake mkaa ulikolezwa nje na dirisha likabaki wazi, wala hakuna aliyelizungumza tena.

Siku hizi binti yangu anaupiga picha mlinganyo kwa simu, na jibu linafika kabla hajamaliza kusoma swali. Anapata alama kunizidi. Nikimuuliza oksijeni ikipungua inakuwaje, ananitazama kama mshamba. Nalikumbuka lile darasa lenye punje chini ya madawati, na kuku waliokuwa wakiingia kuzifagia.

Yule mtoto wa dada sasa anaendesha bodaboda kwenda Murukulazo. Akipita hunisalimia, "Shikamoo mama mdogo," kisha ananitania: ile kemia yenu ilimsaidia nani? Namwambia hata mimi sijui. Anacheka, anapiga kiki, anaondoka.