Aliyepanda Ndege Kwenda Kusuka

Mtaani kwao alijulikana kwa jina la Chanuo, kwa sababu tangu usichana wake hukumkuta bila chanuo limechomekwa kichwani, kama kalamu ya seremala. Alisuka maharusi, alisuka wafiwa, alimsuka hata mke wa mwalimu mkuu, ambaye alikoroma muda wote wa kusukwa, kisha akiamka analalamika kuwa ameumizwa. Mkono wake haukufanana na wa mtu mwingine. Wasusi wengine huanzia mistari kwenye paji la uso. Yeye alianzia kisogoni, akapanda nayo hadi utosini, akaizungusha, na ncha zote akazikusanya katika fundo moja dogo nyuma ya sikio la kushoto. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na marehemu mama yake, na tangu mama afariki hakuna mwingine aliyesuka namna hiyo.

Mdogo wake waliyemwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba, alijaliwa nywele nyingi na ulimi mzito. Utotoni hakuweza kusema jambo uso kwa uso. Mwalimu kamchapa kwa kosa la mwingine, kimya. Viatu vimeibwa, kimya. Lakini mketishe chini, kichwa katikati ya magoti ya dada yake, macho yanatazama ukuta, kitana kinapita taratibu. Hapo alimwaga yote, akalia kidogo ikibidi, kisha akainuka amependeza na roho imemtua. Chanuo alijifunza kutouliza. Alisuka tu, akangoja.

Alipokua, Kitinda alivuka mpaka kwenda kufanya kazi za ndani katika nchi ya watu. Simu alipiga kutoka jikoni, kwa simu ya mama mwenye nyumba, sipika imewashwa na mwenyewe amesimama pale pale, eti wote wasalimiane. Siku moja akapiga. Akauliza hali ya kila mtu, hadi majirani aliokuwa hawapendi, kisha akasema:

"Dada, nywele zangu zimeharibika. Njoo unisuke."

"Nije huko?"

"Nimepewa siku moja ya kupumzika. Tiketi nimeshanunua. Njoo tu unisuke, dada."

Kitinda, ambaye alivaa soksi hadi zikabaki kiraka juu ya kiraka, amenunua tiketi ya ndege! Huyo hakuwa na shida ya nywele. Alikuwa na jambo, na jambo lenyewe halikuweza kupita kwenye sipika.

"Nakuja," alisema.

Alifungasha vitana, mafuta, na mafungu ya nywele za kusukia, zile laini alizokuwa akiwawekea wateja wa harusi. Nguo alichukua moja, kwani kesho yake asubuhi alitakiwa awe ndani ya ndege ya kurudi. Hakuwahi kupanda ndege. Njia nzima alikaa ameupakata mkoba, na alipoletewa chakula alikataa akidhani atadaiwa.

Kwenye dirisha la uhamiaji alikuwapo kijana mwenye miwani, aliyegonga mihuri bila kuinua uso. Alipofika kwa Chanuo, akauinua.

"Umekuja kufanya nini?"

Mjanja yeyote angejibu kuwa amekuja kutembea. Viza yake yenyewe ilikuwa ya matembezi. Lakini Chanuo hakuona aibu katika kazi yake, akasema kweli, tena kwa fahari.

"Nimekuja kumsuka mdogo wangu."

"Unarudi lini?"

"Kesho asubuhi."

Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umetoka kwenu kwa ndege, uje usuke kichwa kimoja, ulale, urudi?"

"Ndiyo, baba."

"Huku wasusi wamekwisha?"

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Chanuo naye akacheka, maana alidhani wanataniana. Kijana hakucheka. Alimwonyesha mlango wa pembeni.

Chumba kilikuwa na meza, viti vya chuma na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Alikaa mpaka miguu ikamvimba ndani ya viatu vya kuazima. Kisha akaingia mama wa makamo mwenye sare, mkuu wa zamu. Wenzake walimwita Mkuu, basi na sisi tumwite hivyo. Alikuwa na sauti tamu, na alimletea maji ya kunywa. Nywele zake zilichomoza chini ya kofia, hazikuwa zimeguswa siku nyingi. Chanuo aliliona hilo kabla hajaona vyeo begani.

"Mama, niambie ukweli nikusaidie," Mkuu alisema. "Tiketi amenunua nani?"

"Mdogo wangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Kazi za ndani."

"Mfanyakazi wa ndani anakununulia tiketi ya ndege ili asukwe?"

"Ana jambo anataka kuniambia."

"Jambo gani?"

"Sijalijua."

"Hulijui jambo ulilolifuata kwa ndege?"

"Nikimsuka ndipo atasema. Yupo hapo nje, ananingoja. Mwiteni tu mumwulize."

"Hapa si sokoni, hatutoki nje kuita watu. Nipe namba yake."

"Hana simu. Anatumia ya tajiri wake."

"Ana tiketi za ndege, simu hana." Mkuu alisema bila ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha Chanuo. Mkuu akafungua mkoba, akatoa vitana kimoja kimoja, akayapapasa yale mafungu ya nywele laini. Kisha akavua kofia.

"Unasema wewe ni msusi. Basi nisuke nione."

Chanuo alimtazama. "Nikikusuka nitapita?"

"Wewe suka."

Katika maisha yake yote hakuwahi kusuka vile. Vidole vilikimbia. Alitumia zile nywele alizomletea Kitinda, kwa hesabu kwamba atakazobakiza zitamtosha mdogo wake. Alianzia kisogoni kama alivyofundishwa, akapanda. Kila mstari aliomaliza aliuona kama mlango mmoja umefunguliwa, bado michache amfikie Kitinda.

Na yule Mkuu, kichwa kilipoinama na macho kutazama ukuta, akaanza kusema. Hakuulizwa. Alisema mumewe amehamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili tu, kiasi kwamba asubuhi wanakutana kituoni na kusalimiana. Alisema leo jioni kuna sherehe ya ukoo na wote watakuwepo, naye alikuwa hajui atakwenda na kichwa gani. Alilia, akajifuta kwa mkono wa sare. Chanuo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia pole, akampaka mafuta kwenye mistari, akafunga lile fundo nyuma ya sikio la kushoto. Moyoni alijiambia kuwa aliyelia mikononi mwako hawezi kukufanyia ubaya. Masikini Chanuo!

Mkuu alijitazama kwenye simu, upande huu na upande ule, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Una mkono, mama. Una mkono kweli."

Akatoka kwenda kunywa chai, kofia ameibana kwapani ili kichwa kionekane. Chanuo alifungasha vitu vyake haraka, akajifuta uso, akasimama karibu na mlango tayari kwa kutoka. Mlango ulipofunguliwa, Mkuu aliingia na yule kijana mwenye miwani, na kijana ndiye aliyesema.

"Viza yako ni ya matembezi. Umeingia na vifaa vya kazi, na kazi umeifanya mbele ya mkuu wa zamu mwenyewe. Unarudishwa kwa ndege ya jioni."

Chanuo hakuelewa. Alimtazama Mkuu, akingoja acheke, aseme ni utani. Mkuu alikuwa akiligusagusa lile fundo kwa ncha za vidole.

"Si umeniambia nikusuke?"

"Ndipo tukathibitisha, mama. Ungekuwa huwezi, tungesema ni mwongo. Sheria ndivyo ilivyo, usidhani ni mimi." Akafikiri kidogo, akaongeza kwa ucheshi: "Na wala sikulipi, maana nikikulipa nitakuwa nimekuajiri."

Kijana alicheka mpaka miwani ikamteleza.

Chanuo alipiga magoti. Ndiyo, mtu mzima na mvi zake alipiga magoti kwenye sakafu ile, akaomba aonyeshwe mdogo wake kwa mbali tu, dakika moja, hata kwenye kioo. Walimwinua kwa heshima zote, mmoja kila upande, wakampeleka kwenye benchi la kungojea ndege. Mkoba walimrudishia. Mafungu yaliyobaki waliyazuia, yakawa ushahidi.

Alirudi kwake na kuingia kazini, akawasuka watu kama kawaida, ila sasa alisuka akisikiliza simu. Ikapita wiki na zaidi ndipo Kitinda akapiga. Sipika ilikuwa imewashwa. Nyuma yake mafuta yalichachatika kwenye kikaango.

"Dada, ulifika salama nyumbani?"

"Nilifika. Ulikuja uwanja wa ndege?"

"Nilikuja." Kitinda alisimulia kama anasimulia kichekesho, maana palikuwa na msikilizaji. "Nilifumua nywele zote ndani ya basi ili ukifika uanze tu. Nikajifunga kitambaa, nikasimama pale abiria wanapotokea. Watu wakaisha, wewe hupo. Mara akapita mama mmoja wa sare. Nikaliona fundo nyuma ya sikio. Nikasema mwenyewe, dada yupo ndani! Nikamkimbilia, nikamwuliza, shikamoo mama, nani amekusuka?"

"Akasemaje?"

"Akasema amesukwa na dada yake."

Mama mwenye nyumba akasikika akicheka kwa mbali. Chanuo alishika meza ya saluni. Mteja aliyekuwa kitini, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, aligeuka kumtazama.

"Sikia, Kitinda," alisema polepole, akichagua maneno yatakayopita kwenye sipika. "Hizo nywele usizishike. Zikae hivyo hivyo. Nitatafuta njia nyingine, nitakuja nikusuke."

Aliyejibu ni mama mwenye nyumba, kwa sauti ya furaha, karibu kabisa na simu.

"Usijisumbue, dada'ake! Alirudi hapa kichwa timtim, nywele zinaniangukia kwenye vyombo. Nimemnyoa mwenyewe, kipara safi. Na nimemwambia iwe hivyo siku zote, jikoni ni usafi."

"Kitinda?"

"Ndiyo, dada. Zimenyolewa."

"Na lile jambo?"

Kikaango kilichachatika. Chanuo alingoja, kama alivyozoea kungoja, chanuo mkononi.

"Jambo gani, dada?" Kitinda alisema. "Zilikuwa nywele tu."

Mama mwenye nyumba akasema nyama inaungua, na simu ikakatwa.