Paka wa godauni la Guangzhou alivyonichagulia major ya kuelekea vet school

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mchana kweupe na sijatia chumvi hata punje.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, China, na mjomba wangu, mfanyabiashara wa Kariakoo. Form six nilipita kwa kubahatisha, lakini ndoto ilikuwa kubwa: udaktari wa wanyama.

Nyumbani nilikuwa nafunga bandeji hadi kuku wa jirani. Msicheke.

Chuo nilichokiota kilitaka uwe na degree kwanza. Barua yao ilisema major yoyote, mradi umesoma biology, chemistry na physics.

Mjomba, ambaye ndiye angenisomesha, akaing'ang'ania hiyo "yoyote".

"Si wamesema wenyewe? Jaza International Trade, hayo ya wanyama utayachomekea."

Mimi nataka Biology. Fomu ya kuombea degree inatakiwa iende kwa fax siku hiyohiyo, na sehemu ya major bado tupu.

Saa saba tuko godauni karibu na mtaa wa Yide Lu, tunafunga mzigo. Saa hiyo wafanyakazi wote hulala, vichwa juu ya katoni, kimya kama wamezimwa. Mimi naandika shipping mark, zile alama za mzigo juu ya katoni.

Nikasikia paka analia. Ndani ya katoni niliyokwisha kuipiga tepu.

"Midoli hiyo," mjomba akasema bila kuinua kichwa nilipomwambia.

Kweli, ilikuwa katoni ya paka wa manyoya, wale wa betri, wanaolia ukiwabonyeza. Nikaendelea kuandika.

Halafu nikaacha kuandika.

Betri hazipakiwi na midoli. Zina katoni yake, na niliifunga mwenyewe asubuhi.

Nikakata tepu. Mjomba akafoka: "We mpwa! Mzigo ukishapigwa mark haufunguliwi!"

Paka arobaini, macho ya kioo, wote wananitazama. Mlio ukakatika.

Mmoja akapepesa macho.

Huyo alikuwa paka hai; aliingia tulipokwenda kula, nami nikafunga bila kuchungulia. Nikamtoa amelegea, ulimi nje. Nikamlowesha maji, nikampepea kwa karatasi iliyokuwa karibu. Ilikuwa fomu yangu.

Pumzi ikamrudi taratibu.

Laoban, yaani bosi, mama mwenye godauni na paka, akaamka akamkumbatia. Mjomba akamweleza kwa Kichina chake cha sokoni kwamba nimemsikia akilia.

Mama akagusa koo la paka, akatikisa kichwa. "Meiyou."

"Anasemaje, mjomba?"

"Hakuna. Paka huyu hana sauti. Tangu azaliwe."

Mjomba akaikung'uta fomu maji, akanipa kalamu yake.

"Andika hiyo Biology yako. Mtu anayemsikia paka bubu, dukani nitamweka wapi?"

Nilichojifunza: wakisema major yoyote, chukua utakayoisoma bila kusukumwa, ila masomo wanayodai yahakikishe mapema. Mimi physics niliisahau, ikanitesa mwaka wa mwisho.

Udaktari niliupata. Na mpaka leo paka akilia clinic, namtazama mdomo kwanza.

Nani hapa alisoma kitu tofauti kabisa akaingia vet? Amwage uzoefu. Na mwenye maelezo ya ule mlio, huyo namsubiri zaidi.