Gari Lililouzwa Kimya Kimya

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, japo ningependa kuisahau. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Wazungu wa Diani walikuwa wakiuza nyumba na kuondoka, na mmoja wao alimwachia mume wangu, aliyekuwa dereva wake, gari lake la mashindano. Lilikuwa la milango minne, limetiwa injini kubwa isiyokuwa yake, na springi zimekatwa likalala chini. Breki zilibaki zile zile za zamani. Zikipata moto, kanyagio linazama tu. Na lilikuwa limekwenda maili nyingi hata kile kihesabu cha maili kikajaa, kikaanza upya.

Mwero, mfugaji wa Kinango, akalipenda. Kwao, na kwetu pia, mtu akiuza mnyama hutaja kasoro zake mbele ya mashahidi kabla ya kukabidhi kamba. Asipotaja, kunyamaza kwake ni kiapo kwamba hakuna. Mwero mwenyewe alipotuuzia ng'ombe alisema, "Huyu chuchu moja imekufa, na ana mateke. Mama, usije ukasema Mwero hakukwambia."

Siku ya gari, alikiinamia kile kihesabu, akaona maili chache, akachekelea. "Kumbe bado mwari huyu!"

Nikamvuta mume wangu uani. "Baba Hamisi, mwambie habari ya breki."

"Gari si ng'ombe. Ana macho, ajionee."

"Breki mbovu inaonekana kwa macho?"

"Wewe nenda kapike."

Mashahidi walikaa wakangoja. Mume wangu hakutaja kitu. Akatoa ufunguo.

Haukupita muda, mke wa Mwero akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mwero akampakia ampeleke hospitali Msambweni. Kwenye mteremko wa Kwale kushukia Kombani, kanyagio likazama. Mwero alitoka mzima. Mkewe hakutoka, wala mtoto.

Hakutushtaki. Alikuja, akakataa hata maji. "Uliponyamaza," alimwambia mume wangu, "nilijua hakuna kitu." Akaenda zake.

Mume wangu alikwenda Kinango kuomba radhi hata akachoka. Alipokufa, kabla jeneza halijainuliwa, wazee walitangaza kama ilivyo ada: "Aliyedhulumiwa na ndugu yetu huyu, amsamehe." Mwero alikuwepo. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nikatega sikio. Hakusema neno. Tukamzika hivyo hivyo. Namwombea mpaka leo, wala sijui kama kuna kinachomfikia.

Basi wewe unayeuza, iwe gari, mbuzi au cherehani, taja ubovu wake kwa kinywa chako kabla hujaulizwa. Mnunuzi akighairi, mwache aende. Utabaki na chuma chako kibovu, na huyo atafika kwake na watu wake. Usiniambie biashara za siku hizi ni nyingine. Watu wanaopanda magari ni wale wale.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioogopa kupoteza mnunuzi, na akukinge na kimya kile nilichokisikia mimi. Amin.