Anawaandaa wanawake wa Mbarara kwa Zanzibar, bahari hajaiona

Jumamosi saa nane mchana, wanaume wote wanatolewa kwenye bwawa la hoteli moja ya Ruharo, mjini Mbarara, Uganda. Mhudumu wa vinywaji naye anatolewa, yeye na soda zake. Turubai la buluu linafungwa kwenye uzio, kisha wanawake watano wanaingia majini wakiwa na suruali za mazoezi, fulana za mikono mirefu na mitandio iliyobanwa sawasawa.

Mwalimu wao, Léoncie Nabintu, mwenye umri wa miaka 42, anavuta pumzi, anazama na kukaa kwenye vigae vya chini. Kutoka huko anaachia pumzi kidogo kidogo. Mapovu yanapanda hadi usoni pa Hajati Zam, mfanyabiashara wa vitenge, anayeelea kifudifudi juu yake akiwa amevaa miwani ya maji.

Kazi ya Hajati ni kubaki hapo hapo. Habaki ng'o. Anapiga mateke, anakunywa maji kiasi, anaukamata ukingo na kuita jina la Mungu. Mdogo wake, Hafswah, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Tena," anasema Léoncie akiibuka. "Hajati, ni mimi tu napumua."

Somo la mapovu sijaliona kwenye bwawa lingine, na lina sababu yake. Wanawake hawa wanaondoka Jumanne kwenda kupumzika Zanzibar. Wamelipia kuzunguka Mji Mkongwe, kunusa karafuu shambani, kula pweza kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari na, zaidi ya yote, kuogelea juu ya matumbawe wakitazama samaki. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua kama Léoncie ataendelea kuwa na kazi.

Alizaliwa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, nchini Kongo. "Kwetu mutoto anajua maji mbele ya kujua njia," anasema. Vita vilimkuta nchi kavu alikoolewa, akakimbilia Uganda na binti yake, Divine. Anaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako analima maharage.

Hotelini aliajiriwa kusugua vigae. Siku moja brashi ilimponyoka ikazama kwenye kina kirefu, naye akaifuata na kitenge chake mwilini. Hajati Zam alikuwa ameketi ukingoni, amelowesha nyayo tu.

"Mimi nilikuwa najua maji ya kunywa na ya kutawadha," Hajati anasimulia. "Mwalimu wa hapa alikuwa mwanaume. Sasa mimi, na umri wangu, nishikwe tumbo na mwanaume? Nikaambia meneja, yule mama wa brashi ndio atafundisha sisi."

Kila mwanafunzi hulipa shilingi elfu kumi na tano kwa somo, nusu ikiwa ya hoteli. Kwa mama wa Nakivale si haba. Divine anasoma sekondari Nyamitanga kwa fedha hizo.

Mambo yaliharibika mwaka jana, kundi la kwanza, ambalo Hajati hakuwamo, lilipokwenda Zanzibar. Léoncie alikuwa amewafundisha kama alivyofundishwa yeye: ukiona maji yanatoa mapovu, toka, usiulize. Chini ya Ziwa Kivu kuna gesi, na kwenye baadhi ya ghuba hupanda ikamkaba mwogeleaji. Watu wa huko huiita mazuku.

"Mudogo wangu alikufia fasi ya vile, mahali ya mapovu," anasema. "Maji ilikuwa inatokota na hakuna moto. Aliingia kuoga. Tulimutoa hana hata kidonda. Inaniuma mpaka leo."

Basi huko Zanzibar, wanafunzi wake wakiwa juu ya matumbawe, mapovu yakapanda. Chini kulikuwa na mtalii mzamiaji, mtungi wa hewa mgongoni. Wao wangejuaje? Walipiga mayowe, wakapanda boti wakikanyagana na kumwamuru nahodha awashe injini. Hakuna aliyegusa maji tena safari nzima.

Habari ilifika Mbarara kabla ya mabegi yao. Wanafunzi wakapungua, na wenye midomo wakaanza kumwita Léoncie mwalimu wa beseni. Meneja alimweleza bila kuzunguka: aache habari za mapovu, na kundi hili likirudi bila kuona samaki, saa ya wanawake itafutwa.

La mapovu Léoncie alikataa. "Anifukuze. Siwezi kunyamaza juu ya kitu iliua mutu wetu."

Alichokubali ni kuongeza. Sasa wanafunzi wake wanainua kichwa na kumuuliza mwenye boti. Akijua kilichoko chini, wanabaki. Asipojua, wanatoka.

Hajati Zam anakimbia tena na tena Jumamosi hii. Mwishowe anainua kichwa, anauliza kwa sauti, "Nani yuko huko chini?", anajibiwa na wenzake kuwa ni mwalimu, anarudisha uso majini. Mara hii anabaki.

Alhamisi mchana, Nakivale. Léoncie anapalilia, simu imefungwa kwenye ncha ya kitenge. Anaitoa, anaitazama, anairudisha. Jembe limeshakata maharage mazima pamoja na magugu.

"Roho haitulii," anakiri.

Simu inalia. Ni Hajati Zam, anapiga kelele kuushinda upepo.

"Mwalimu! Nimebaki! Wallahi nimebaki! Mapovu ilikuja, nikauliza, wakasema ni mzungu yuko chini. Nikarudisha uso. Mwalimu, samaki ya huku ina rangi, hata dukani kwangu hakuna kitenge kama hiyo!"

Léoncie anakaa chini katikati ya maharage na kulia, wala hajifichi.

"Lakini umetuficha kitu," Hajati anaendelea. "Asubuhi tumeamka, bahari hakuna! Imeenda mbali kabisa, watu wanatembea pale ilikuwa. Hafswah akasema tufunge mizigo. Mchana imerudi yenyewe!"

Léoncie anauliza mara mbili kama ni kweli. Hakuficha, hakujua. Ziwa lake halijawahi kwenda popote.

Jioni unaingia ujumbe wa meneja: Jumamosi aje mapema, kuna wanafunzi wapya. Anausoma, anamsomea Divine kwa simu, kisha anaanza kuzungumzia mipango yake. Anafuatilia hati ya kusafiria ya wakimbizi. Akiipata, atakwenda Zanzibar kwa akiba yake mwenyewe, kwa sababu hataki kufundisha habari za bahari kwa kusikia.

Akaone samaki?

"Samaki nimeona maisha yangu yote," anajibu. "Mimi nitakaa pale maji ilitoka, ningojee. Nataka nione na macho yangu kama kitu yenye imeenda mbali vile inaweza kurudia fasi yake."