Tulivyo-compile database Baraka huku kwaya ikificha kelele za jenereta

Wakuu, heshima kwenu nyote, hasa nyie vijana mnaonuna internet ikikwama dakika mbili wakati wa ku-install package.

Hii ilinikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Mwenye kubisha abishe, nipo hapa.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo, kwetu Baraka, Kivu Kusini, kando ya ziwa. Mtaani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimegusa Linux, kwa hiyo kila kitu chenye waya kililetwa kwangu. Mpaka pasi.

Kulikuwa na ofisi ndogo iliyoandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Jina, alama ya mwilini, na kijiji cha familia inayomtunza, yote ndani ya computer moja. Basi. Wafanyakazi wenyewe nao wakakimbia, mvua ikaingia, computer ikafa.

Hard disk ilipona. Nililetewa na Papa Asukulu, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, imefungwa kwenye kitenge. Nyuma yake alikuwa Mama Wilondja, yule anayeongoza nyimbo.

Kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Wilondja, mtoto wa miaka minne, alikuwa amepotea kwenye msongamano wa watu ufukweni. Lakini mama yake tuliendelea kumwita hivyo hivyo kila asubuhi, tungemwitaje? Mimi nilikuwa naona uchungu hata kumsalimia.

Mchana ule mitumbwi miwili ya mashini ilikuwa inapakia. Mmoja unaenda kaskazini, Swima. Mwingine kusini, Kazimia. Mapigano yalikuwa yanashuka kutoka milimani, na hakuna aliyejua kama utaondoka mwingine baada ya hiyo. Mama Wilondja alikuwa na nafasi kwenye wowote. Alichokosa ni kujua apande upi.

Nikaunganisha disk kwenye desktop kuukuu ya kanisa. Database ikagoma kufunguka: data ziliandikwa na version nyingine. Nilikuwa na source code ya version ile kwenye CD, ya bure kabisa, open source. Njia ilikuwa moja tu, kui-compile pale pale, yaani kuijenga program yenyewe kutoka kwenye code hiyo.

Sasa ku-compile kwenye mashine ya zamani kunataka umeme wa muda mrefu, yaani jenereta, sisi tunaita groupe. Na wakati ule groupe ikinguruma, wenye silaha wanafuata sauti. Wanachukua groupe, petroli, computer, na wewe unawabebea.

Nikamweleza Papa Asukulu. Akakuna kichwa.

"Mi sijue mambo ya mashini," akasema. "Lakini kwaya yangu ikianza, hata radi haisikike. Washa."

Groupe ikawekwa nyuma ya ukuta wa kanisa. Mimi na desktop tukajifungia kachumba ka nyuma ya madhabahu. Ngoma zikaanza, Mama Wilondja akapaza sauti, nikawasha.

Configure, hatua ya kwanza ya kukagua mashine, ikasimama, eti library ya readline haipo. Nikaiambia iendelee bila hiyo. Ikakubali. Nikapiga make, amri ya kujenga program.

Wakuu, make ilikuwa inazunguka! Inamaliza file, inarudi kulifanya lile lile. Jasho lilinitoka mpaka kwenye keyboard. Kumbe kabetri kadogo ka ndani kalikufa, saa ya mashine ikarudi miaka mingi nyuma, kwa hiyo kila file la kwenye CD lilionekana limetoka siku zijazo, na make ikadhani limebadilika tena. Nikarekebisha tarehe, nikaanza upya. Petroli nayo inaisha.

Ndipo nikachungulia mlangoni, nikaona askari amekaa benchi la mbele, bunduki magotini.

Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho, na ukiisha, groupe itasikika.

"Muimbe tena," yule askari akasema. "Hii wimbo iko muzuri."

Wakaimba tena. Na tena. Sauti ya Mama Wilondja ilikuwa imeanza kukwaruza, lakini hakuacha hata mwanya wa pumzi moja.

Make ikamaliza. Nikawasha server, ikafunguka. Nikatafuta Wilondja.

Wakatoka wawili, wote wa miaka minne. Mmoja Swima, mwingine Kazimia.

Nilitamani kulia. Mwenye jibu yuko mbele ya bunduki anaimba. Lakini kwaya zetu mnazijua: yeyote anaweza kuingia na mstari wake, wengine wakaitikia. Nikatoka, nikasimama na wanaume wa sauti nzito, nikaimba kwa hii sauti yangu ya chura:

"Wilondja beko babili, ee mama! Mumoja iko na alama ya moto kwa mukono, mwingine iko na kovu kwa goti! Wako ni nani, ee mama?"

Kwaya ikaitikia kama kawaida, "Ee Bwana, utuonyeshe!"

Mama Wilondja alinitazama. Akapokea bila kukosea mdundo:

"Ni moto, Bwana, kwa mukono! Mi mwenyewe nilipakaa asali!"

"Kazimia, mama," nikaimba, "iko Kazimia!"

"Amina!" akasema askari.

Mama Wilondja akaokota kitenge chake, akatoka huku wengine wakiendelea kuimba.

"Huyu mama anaenda wapi?" askari akauliza.

"Sauti imemuishia, chef," akajibu Papa Asukulu. Na hakudanganya.

Nikarudi kuzima groupe. Askari akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake. Papa Asukulu akakaa chini sakafuni.

Nilichojifunza: backup ya data iwe ya maandishi ya kawaida, ambayo program yoyote itaisoma. Angalia saa ya mashine kabla ya make. Na kama source code ile ingekuwa imefungiwa na wenyewe, siku ile ningemwambia nini yule mama?

Najua mtauliza kama alimpata. Siku kadhaa baadaye Kazimia walituita kwenye phonie, ile radio ya mawasiliano. Alikuwa mwanaume, simjui.

"Mama Wilondja iko hapa pembeni yangu," akasema. "Mutoto iko kwa mugongo, anakatala kushuka. Mama anataka kubasalimia, lakini sauti yake haiyarudia. Ameniomba niseme mi."

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine aliwahi ku-compile roho ikiwa mkononi?