Chapa ya Guracha Vifuani mwa Wanafunzi

Asubuhi, jua la Garsen halijawa kali. Komora Buya ameketi barazani nyuma ya cherehani yake, ila hashoni. Ameshika wembe, anafumua alama kwenye jezi za timu ya shule huku akiimba chinichini. Kazi hii hailipwi, lakini fundi ana furaha isiyofichika.

Kitambaa cha jezi alikitoa Guracha, mfanyabiashara wa ng'ombe. Komora alizishona bure. Sifa zote akazizoa Guracha.

"Hata mke wangu alimsifu yeye," anasema. "Na mimi niko papo hapo, mgongo unaniuma."

Guracha alitaka gharama ya kitambaa itolewe kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Isaac, karani wa kodi, akamweleza kwamba msaada mtupu ni sadaka, haupunguzi kodi. Jezi zikibeba alama ya biashara ni tangazo, na tangazo ni gharama halali.

Komora akauliza, na kazi yake je?

"Akaniambia jasho langu halina risiti. Wivu ulinipanda."

Guracha hana duka wala kibao. Alama yake ni ile anayowachoma ng'ombe wake, basi akaagiza ishonwe vifuani. Komora aliona balaa inakuja, akanyamaza. Akaipitishia uzi mara mbili ishike vizuri.

Siku ya mechi na Kipini, wafugaji waliokuja kutazama walivunjika mbavu. Mmoja aliuliza bei ya golikipa. Mama yake golikipa, Mwanaarusi, akaingia uwanjani kumtoa mwanawe.

"Bwana karani, huyu mtoto wangu, si ndama wa Guracha," alimwambia Isaac, aliyekuwa amekuja kutazama mechi, mbele ya watu.

Guracha aliomba radhi papo hapo. Alama zifumuliwe, alisema, jezi zibaki kwa watoto, na kodi yake atailipa yote.

"Sasa wanamsifu kuliko mwanzo," Komora anasema, na wimbo unakatika.

Anainua jezi aliyokwisha kuifumua. Uzi umetoka, lakini matundu ya sindano yamebaki, na jua likipita pale chapa ya Guracha yaonekana wazi. Komora anaikunja.

"Mwakani nitanunua kitambaa changu mwenyewe," anasema. "Kodi wasinipunguzie hata senti. Ila mke wangu nitamkalisha mstari wa mbele."